Kiingereza cha Ofisini na Kiingereza cha Barazani: Historia ya Mgawanyiko na Funzo Lake Kwetu

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo wengi wetu hapa chuoni tumewahi kuumia nalo, ila hatulizungumzi kwa uwazi: ni lini mtu atumie Kiingereza rasmi, na ni lini atumie kile kisicho rasmi. Vitabu tulivyosomea sekondari vililimaliza suala hili kwa ukurasa mmoja tu. Upande wa kushoto maneno ya barua ya kirafiki, upande wa kulia maneno ya barua ya kikazi, basi. Hakuna aliyetuambia orodha hizo mbili zilitoka wapi, nani alizitenganisha, na kwa faida ya nani. Nia yangu ni kuonyesha kwamba mgawanyiko huo una historia. Kwamba historia hiyo ilikuwa ya utawala na tabaka kabla ya kuwa ya sarufi. Na kwamba mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliingizwa katika nyumba hiyo kwa mlango ambao Mwingereza mwenyewe hakupitia.

Nianze na kisa changu. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliandika barua ya kuomba kazi ya muda wakati wa likizo katika ofisi moja mjini. Nilikesha. Pale ambapo 'ask' ingetosha niliweka 'humbly beseech', na badala ya kusema nimemaliza sekondari niliandika 'I have successfully terminated my secondary education', kana kwamba elimu nimeifukuza kazi. Mkuu wa ofisi aliponiita hakunikaripia. Aliisoma barua kwa sauti mbele ya makarani wake, wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. Nafasi sikupata.

Basi nikaapa kwamba kuanzia siku hiyo nitaandika kama watu wanavyoongea. Miezi miwili baadaye, katika insha ya fasihi, nikaandika kwamba mhusika mkuu ni 'a nice guy' ambaye 'can't stand' mambo ya nyumbani kwao. Insha ikarudi imejaa wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika kwamba hapa si kijiweni. Nikaduwaa. Kule nimezidisha, huku nimepunguza. Kipimo chenyewe kiko wapi?

Lakini hasara yangu ilikuwa ndogo ukilinganisha na ya mwenzangu wa chumba. Yeye alikuwa akiijua riwaya tuliyokuwa tukiisoma muhula ule kuliko sisi sote. Usiku, kwa Kiswahili, aliichambua mpaka taa za bweni zikazimwa. Kwenye semina hakufungua mdomo muhula mzima. Nilipomwuliza akanijibu: "Bwana we, nikifungua mdomo nitaongea kama tangazo la mkuu wa wilaya." Maksi za ushiriki akakosa, na sisi wengine tukakosa uchambuzi wake. Hilo ndilo lililonipeleka maktaba.

Ngazi tatu za msamiati

Chanzo cha mambo yote ni vita. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari kutoka Ufaransa akamshinda mfalme wa Waingereza karibu na Hastings. Kwa takriban miaka mia tatu iliyofuata watawala wa Uingereza walizungumza Kifaransa. Kanisa na kumbukumbu nyingi za serikali zilitumia Kilatini. Kiingereza kilibaki kuwa lugha ya mkulima, ya mtumishi wa jikoni, ya mama anayembembeleza mtoto.

Kiingereza kilipopanda tena polepole, kilikuwa kimebeba maneno mengi ya hao mabwana. Ndiyo maana leo jambo moja laweza kuwa na maneno matatu. Kuna 'ask', la asili ya Kiingereza. Kuna 'question', lililoingia kwa Kifaransa. Kuna 'interrogate', lililochotwa katika Kilatini. Vivyo hivyo 'rise', 'mount' na 'ascend', au 'holy', 'sacred' na 'consecrated'. Albert Baugh, katika kitabu chake cha historia ya Kiingereza kilichotoka mwaka 1935, alizipanga seti kama hizi akaonyesha kwamba la kwanza huwa la watu wote, la pili ni la kifasihi, na la tatu ni la kisomi. Mama humwuliza mtoto kwa 'ask'. Polisi humhoji mtuhumiwa kwa 'interrogate'. Tofauti hiyo haikutokana na maana peke yake. Kila neno lilikuja na cheo cha watu waliokuwa wakilitumia.

Ushahidi mzuri wa hali ile uko mahakamani. Mwaka 1362 Bunge lilipitisha sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakuelewa yaliyokuwa yakisemwa kwa ajili yao au dhidi yao. Jambo la kuchekesha ni kwamba sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, na kumbukumbu za kesi ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1733, ilipoanza kutumika sheria nyingine, ndipo Kilatini na Kifaransa cha wanasheria vikaondolewa rasmi katika mahakama za Uingereza. Mtu angeweza kunyongwa kwa hukumu iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Tunapozungumzia urasmi, tukumbuke kwamba ulianzia katika umbali huo kati ya anayehukumu na anayehukumiwa.

Mayai ya Caxton

Mwaka 1476 William Caxton alifungua mtambo wa kuchapa vitabu Westminster, wa kwanza katika Uingereza. Mchapaji ana tatizo ambalo msimulizi wa barazani hana: hajui nani atakisoma kitabu chake. Katika dibaji ya kitabu kimoja alichokitafsiri mwaka 1490 Caxton anasimulia habari ya wafanyabiashara waliokuwa kwenye chombo katika mto Thames wakielekea Zeeland. Upepo ulikufa, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao akamwomba mama mwenye nyumba 'egges', yaani mayai. Mama akajibu kwamba yeye Kifaransa hajui. Mfanyabiashara akakasirika, maana hata yeye Kifaransa hakukijua. Alikuwa akisema Kiingereza cha kwao. Akatokea mwingine akasema wanataka 'eyren', ndipo mama akaelewa.

Kisa hicho hutajwa sana na wanaisimu, nao hukitumia kuzungumzia lahaja. Mimi naona kilicho muhimu zaidi kwetu ni yale yanayokizunguka. Caxton analalamika kwamba waungwana fulani walimlaumu kwa kutumia maneno ya kisomi ambayo watu wa kawaida hawayaelewi, wakamtaka arudie maneno ya zamani ya nyumbani. Wakati huohuo wasomi wakubwa walimtaka atumie maneno ya kipekee kadiri awezavyo kuyapata. Akabaki katikati, mwishowe akachagua lugha iliyo baina ya hizo mbili, akisema pia kwamba kitabu hicho si cha mtu asiyestaarabika. Kwa hiyo, zaidi ya miaka 500 iliyopita, mtu mzima mwenye mtambo wake alikuwa na tabu ileile iliyonipata mimi na barua yangu. Naye alifanya kile ambacho vitabu vyetu vya sekondari havikutufundisha: alimtafuta msomaji kwanza, ndipo akatafuta neno.

Maneno ya kidau cha wino

Karne ya 16 mambo yakazidi. Wasomi walivuta maneno ya Kilatini na Kiyunani kwa magunia. Wapinzani wao wakayabandika jina la maneno ya kidau cha wino, kwa maana kwamba yalitoka kwenye pembe la wino la mwandishi, hayakutoka kinywani mwa mtu. Mmoja wa wapinzani hao, Thomas Wilson, alitoa kitabu cha balagha mwaka 1553. Ndani yake aliweka barua ya dhihaka: mtu wa Lincolnshire anaomba nafasi ya kazi ya kanisa iliyo wazi, na ili apendeze ameijaza barua maneno ya Kilatini mpaka haieleweki.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Jamani, yule wa Lincolnshire alikuwa mimi! Tofauti ni kwamba yeye alibuniwa. Wilson alijua kwamba anayeomba kazi ndiye mwenye kishawishi kikubwa kuliko wote cha kuvaa maneno yasiyomkaa, kwa sababu yuko chini na anataka kuonekana juu. Kicheko cha wale makarani kilikuwa na umri wa zaidi ya karne nne.

Hata hivyo tusimshangilie Wilson haraka. Mengi ya maneno yaliyochekwa wakati ule leo ni ya kawaida kabisa. Mwaka 1604 Robert Cawdrey alitoa kitabu kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, chenye maneno kama 2,500 hivi, yote magumu. Alisema wazi kwamba amewakusudia hasa wanawake na watu wengine wasio na elimu ya kutosha. Kwa nini wanawake? Kwa sababu shule zilizofundisha Kilatini zilikuwa za wavulana. Kwa maneno mengine, kamusi ya kwanza ya Kiingereza ilitungwa kwa ajili ya watu waliofungiwa nje ya Kiingereza rasmi. Sisi tunaobeba kamusi mikobani tuna ndugu zetu wa zamani.

'Thou' na 'you': heshima iliyogeuka kichwa chini

Sehemu hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Wengi tumezoea kuambiwa kwamba Kiingereza hakina adabu: 'you' kwa mtoto, 'you' kwa babu, 'you' kwa mkuu wa chuo. Kumbe haikuwa hivyo siku zote. Zamani 'thou' ilikuwa ya mtu mmoja na 'you' ya watu wengi. Tangu karne ya 13 hivi, kwa kuiga Kifaransa, watu wakaanza kumwita mkubwa mmoja kwa 'you', kana kwamba ni wengi. 'Thou' ikabaki ya mtoto, ya mtumishi, ya rafiki wa karibu, na ya matusi. Mwaka 1603 Sir Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini, mwanasheria wa serikali Edward Coke alimrushia 'thou' hiyo mahakamani, na kila aliyekuwepo alielewa kwamba muungwana ametukanwa. Shakespeare naye, katika tamthilia yake ya Twelfth Night, anampa mhusika mmoja ushauri huohuo: ukitaka kumchokoza mtu, mwite kwa 'thou'.

Katikati ya karne ya 17 wakatokea Marafiki, wafuasi wa George Fox, ambao kanisa lao lina waumini wengi magharibi ya Kenya tangu misheni ya Kaimosi ilipoanzishwa mwaka 1902. Wao walishikilia kwamba binadamu wote ni sawa mbele ya Mungu, kwa hiyo kila mtu mmoja ataitwa 'thou', awe hakimu au mchunga kondoo. Walipigwa, wakafungwa, na lugha yao ikawa mojawapo ya makosa waliyolaumiwa. Kiingereza cha kawaida hatimaye kikapata usawa kwa njia ya kinyume: hakikuwashusha wote kwenye 'thou', kiliwapandisha wote kwenye 'you'.

Lakini tazama kilichotokea baadaye. 'Thou' ilibaki katika Biblia ya mwaka 1611 na katika sala, ambako mwamini alimwita Mungu kwa ukaribu wa mtoto na baba yake. Watu walipoacha kuitumia nyumbani, ikabaki inasikika kanisani tu. Sasa wanafunzi wengi, nami nikiwemo, tuliamini kwamba 'thou' ni neno la juu kabisa, la heshima kuu. Neno la chini limekuwa la mimbarini! Hapa tunapata funzo la kwanza: urasmi hauko ndani ya neno. Unatokana na mahali ambapo neno limezoea kukaa.

Funzo la pili linafuata palepale. Kiingereza kilipopoteza viwakilishi vya heshima, ilibidi heshima itafutiwe nyumba nyingine. Ikahamia kwenye umbo la sentensi. Ndiyo maana Mwingereza anayetaka dakika tano za mwalimu wake husema 'I was wondering if you could spare me five minutes', akitumia wakati uliopita kwa jambo la sasa. Ukitafsiri neno kwa neno utasema huyu bwana amechanganyikiwa: alikuwa akijiuliza lini? Kumbe wakati uliopita unafanya kazi ya kujisogeza nyuma hatua moja, kumwachia mkubwa nafasi ya kukataa. Sisi kwa Kiswahili tunayo 'shikamoo', tunayo 'samahani Mwalimu', tunayo 'naomba'. Mtu aliyelelewa vizuri anaposema "Naomba unisainie fomu" amekwisha kuwa na adabu yote inayotakiwa. Akihamishia Kiingereza moja kwa moja, 'I want you to sign my form', anaonekana ametoa amri. Akistuka na kujaribu kurekebisha kwa maneno makubwa, anaangukia 'beseech'. Adabu anayo tele. Hajaambiwa tu kwamba katika nyumba hii adabu huwekwa kwenye kabati lingine.

Wanakamusi, wanasarufi na chapa ya "neno la chini"

Karne ya 18 ndiyo iliyoigeuza desturi kuwa sheria. Samuel Johnson alitoa kamusi yake mwaka 1755, ikiwa na maneno zaidi ya 40,000, na baadhi ya maneno aliyapiga chapa kwamba ni ya chini. Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London, alitoa kitabu kifupi cha sarufi kilichochapwa mara nyingi. Huyu ndiye anayelaumiwa kwa kanuni kadha wa kadha zilizotutesa, mojawapo ile ya kutomaliza sentensi kwa vihusishi kama 'with', 'for' na 'to'.

Ukimsoma Lowth mwenyewe unakuta mambo ni tofauti kidogo. Hakusema ni kosa. Alisema muundo huo umetawala katika mazungumzo ya kawaida na unafaa katika maandishi ya kirafiki, ila kuweka kihusishi mbele kunapendeza zaidi na kunafaa zaidi katika mtindo wa fahari. Tena sentensi aliyotumia kueleza hayo aliimaliza kwa kihusishi! Kwa hiyo Lowth alikuwa anazungumzia hasa kile tunachokiita leo rejista: mahali hapa sema hivi, mahali pale sema vile. Waliomfuata, akiwemo Lindley Murray, Mmarekani aliyeishi York na kutoa sarufi yake mwaka 1795, waliandika kwa ajili ya shule, na darasani ushauri wa mtindo uligeuka mara nyingi kuwa sahihi na kosa. Darasa la watoto hamsini halina nafasi ya "inategemea".

Ni vizuri pia kukumbuka wasomaji wa vitabu hivyo walikuwa akina nani. Biashara ilikuwa imekua, na watu wa tabaka la kati walikuwa na fedha ila hawakuwa na nasaba. Kwao sarufi ilikuwa ni tiketi. Mtu hakuweza kubadili baba yake, lakini aliweza kubadili sentensi yake.

Upande wa fasihi

Hapa ndipo sisi wa fasihi tunapoingia. Mwaka 1798 Wordsworth na Coleridge walitoa mkusanyo wa mashairi, Lyrical Ballads, na katika dibaji aliyoiongeza Wordsworth kwenye toleo la mwaka 1800 alitetea hoja ambayo leo yaonekana nyepesi, lakini wakati ule ilikuwa uasi: kwamba shairi laweza kutungwa kwa lugha ambayo watu huitumia kweli, hasa watu wa shamba, bila mapambo yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa ndiyo ushairi. Coleridge mwenyewe alimpinga baadaye, mwaka 1817, akisema kwamba lugha hiyo ya shamba Wordsworth ameichuja na kuisafisha kwanza, na kwamba kilichobaki si cha mkulima peke yake. Nadhani Coleridge alikuwa na hoja. Hata hivyo mlango ulikwisha kufunguliwa.

Mlango huo ulipita Waafrika pia. Amos Tutuola wa Nigeria alipotoa The Palm-Wine Drinkard mwaka 1952 huko London, wakosoaji wa Ulaya walimshangilia, na baadhi ya wasomi wa kwao waliona haya: watatuonaje, mtu wetu anaandika hivi? Ken Saro-Wiwa alipotoa Sozaboy mwaka 1985, alitangaza waziwazi kwamba Kiingereza chake kimeoza. Angalia tofauti. Tutuola alishukiwa kwamba hajui. Saro-Wiwa alijulikana kwamba anajua, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kuharibu. Swali hili lafaa liulizwe katika semina zetu: nani ana haki ya kutumia Kiingereza kisicho rasmi? Jibu la historia ni kwamba haki hiyo hupewa yule ambaye hakuna anayemshuku. Yule anayeshukiwa hudaiwa vyeti kila siku.

Kiingereza kilichotufikia sisi

Sasa turudi nyumbani. Mtoto wa Kiingereza hupanda ngazi kuanzia chini. Anaanza na 'put off', 'find out', 'give up', maneno mafupi ya jikoni kwa mama yake. Akienda shule anakuta 'postpone', 'discover', 'abandon'. Ndiyo maana vitabu vyao humwonya asiyalete ya jikoni ofisini.

Sisi tulianzia juu. Katika Tanganyika ya Waingereza Kiswahili ndicho kilichofanya kazi za utawala wa chini, na Kiingereza kilikaa kwenye mahakama za juu, makao makuu na sekondari. Hatukukutana nacho kikiimba wala kikitania. Tulikutana nacho kikiandika barua za serikali ambazo afisa mkubwa alizimaliza kwa kujiita mtumishi mtiifu wa yule aliyekuwa akimkatalia ombi lake. Hata Kiswahili chetu cha ofisini kilirithi mwendo ule: 'Wako mtiifu' ni mtoto wa barua hizo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tukajifunza kumaliza kwa 'Wako katika ujenzi wa taifa', tukabadilisha itikadi, lakini mwendo wa barua ukabaki ni uleule.

Matokeo yake ni kwamba kwa mwanafunzi wa Kitanzania 'postpone' ni neno rahisi na 'put off' ni fumbo. Hatusemi kwa maneno makubwa kwa sababu ya majivuno, kama tunavyosingiziwa. Makubwa ndiyo tuliyopewa. Mwenzangu wa chumba alipohofia kuongea kama tangazo la mkuu wa wilaya alikuwa ameeleza historia nzima kwa sentensi moja. Kwa hiyo kitabu kinachomwonya kijana wa aina hiyo aepuke Kiingereza cha mtaani kinamkataza kitu asichonacho. Ni sawa na kumwonya mtu wa Dodoma asizame baharini.

Tuchague vipi?

Nisiishie kwenye kulalamika. Wanaisimu M. A. K. Halliday na wenzake walieleza mwaka 1964 kwamba lugha hubadilika kufuatana na jambo linalozungumzwa, njia inayotumika na uhusiano wa wanaozungumza. Kwa faida yetu nayageuza kuwa maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kushika kalamu. Je, anayenisoma ananijua? Je, anaweza kunikatiza na kuniuliza nilikuwa na maana gani? Je, maneno haya yatahifadhiwa? Kama hanijui, hawezi kuniuliza, na karatasi itawekwa kwenye faili, basi niandike kikamilifu: hakuna 'can't', hakuna neno la msimu. Kama yuko mbele yangu na anaweza kuniuliza, kama ilivyo kwenye semina, sentensi fupi zinatosha na wala hazimpunguzii mtu usomi.

Pili, urasmi na uzito ni vitu viwili. Hata serikali ya Uingereza ililigundua hilo. Ernest Gowers aliombwa na Hazina awasaidie watumishi wa umma kuandika vizuri, akatoa kitabu chake Plain Words mwaka 1948, akiwahimiza waandike ili waeleweke. Barua ya kikazi iliyo bora huwa fupi na kamili. Yangu ingekuwa na mistari mitano.

Tatu, tusiione heshima katika urefu wa neno. Kwa Kiingereza iko katika umbo la ombi, kama nilivyoeleza, na umbo hilo hujifunzwa kwa kusikia. Hapo tamthilia na riwaya zina faida kuliko vitabu vya barua, kwa sababu ndani yake tunawasikia watu wakiomba, wakikataa, wakigombana na kubembelezana, kila mmoja kwa cheo chake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kile kinachoitwa Kiingereza rasmi hakikushuka kutoka mbinguni. Kilijengwa na ushindi wa 1066, na mtambo wa Caxton, na wanasarufi waliowauzia watu wa kati tiketi ya kupandia. Haifuati kwamba tukitupe. Faili bado zipo, wasahihishaji bado wapo, na mtu asiyekijua atafungiwa nje kama walivyofungiwa wanawake wa Cawdrey. Lakini kukijua kama chombo ni tofauti na kukiogopa kama hakimu. Ombi langu kwa walimu wetu ni kwamba historia hii ifundishwe mwaka wa kwanza, kabla ya wino mwekundu.

Mwenzangu wa chumba alizungumza mwishowe, katika semina ya mwisho ya mwaka. Alisema sentensi tatu, kwa maneno mafupi ya kawaida: kwamba baba katika riwaya ile hana chuki na mwanawe, ana hofu, kwamba kila anapofoka kuna mlango umefungwa, kwamba mwandishi hakuutaja mlango huo bure. Mwalimu akakaa kimya kidogo, kisha akatuambia sote tufungue vitabu tuitafute hiyo milango. Tuliihesabu mpaka kengele ikalia.

Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa ndugu zetu wa Idara ya Kiingereza, nawakaribisha wayatoe katika kurasa hizi, kwa mtindo wowote, rasmi au wa barazani.